Chai ya Desmond

Waliotunga majina ya magonjwa hawakuwa na huruma hata chembe. Mtu aliyepotewa na maneno wakasema ana disfasia. Aliyeshindwa kumeza, disfagia. Kiharusi kikimpiga mzee wako asubuhi, unasimama kwenye korido ya wodi umekumbatia koti lake, madaktari wanapita wakiyataja yote mawili kwa haraka, na wewe unabaki kutumbua macho.

Avril Ogden alijifunza kuyatofautisha. Sista Gaynor, msimamizi wa wodi, alimkalisha kitini akamweleza taratibu. Disfasia ni ya maneno, na hiyo Desmond anayo, haina ubishi. Disfagia ni ya koo, na hiyo bado haijajulikana. Mpaka mtaalamu ampime, Desmond hapitishi kitu mdomoni. Maji atapata kwa mshipa. Kibao cha kukataza kilikuwa kimeshatundikwa juu ya kitanda.

"Atampima lini?"

"Jumanne, mpenzi. Jumatatu ni sikukuu, na wale wikiendi hawaji."

"Kwa hiyo koo la mume wangu lisubiri watu warudi kutoka ufukweni?"

"Usinitazame hivyo, Avril. Ingekuwa amri yangu ningewafuata huko huko na taulo zao."

Basi Avril akaweka tumaini lake lote kwenye koo. Maneno yaende zao, alijiambia. Tangu waoane Desmond hakuwa msemaji, na yeye alisema kwa niaba ya wote wawili. Lakini kukaa mezani jikoni na birika katikati yao, hiyo ndiyo iliyokuwa ndoa yenyewe. Kama ni disfasia peke yake, angemrudisha nyumbani. Kama na koo limekwenda, hapo Gaynor alipokuwa akimweleza hakumalizia, na Avril hakuuliza.

Desmond alibakiwa na neno moja tu: tiketi. Alikuwa kondakta wa basi ujanani, baadaye dereva, na katika kichwa chote kiharusi kilimwachia hilo. Ukimwuliza kama anaumwa, tiketi. Ukimwuliza kama afunguliwe dirisha, tiketi.

"Mlipe nauli huyo, mama," alisema Norris, mgonjwa wa kitanda cha pili, "asije akakushusha njiani na mvua hii!"

Avril alicheka, na Desmond naye akacheka kwa upande wa uso uliobaki mzima.

Kilichomvunja Avril moyo ni toroli la chai. Huku kwetu mtu akifiwa, birika huchemka kabla hata ya kuambiwa pole, na wodini toroli lile halikosi kila alasiri. Mwanamke wa chai alimimina kitanda hadi kitanda, akifika kwa Desmond anatazama kile kibao, anapita. Desmond alilifuata toroli kwa macho mpaka mlangoni. Jumamosi Avril alijikaza kisabuni. Jumapili alishindwa.

Gaynor alikuwa nyuma ya pazia la mgonjwa mwingine, Norris amelala. Avril alikipoza kikombe chake mwenyewe, akachota kijiko.

"Moja tu, Des. Ukikohoa naacha."

Desmond alifungua mdomo kabla Avril hajamaliza kusema. Koo likapanda, likashuka. Avril alisubiri kikohozi, macho yamemtoka. Hakikuja. Akampa kingine, na kingine.

"Tiketi," Desmond akasema, akamkamata mkono. "Tiketi, tiketi!"

"Najua, mpenzi wangu. Ulikuwa na hamu nayo, eh?"

Akampa karibu nusu kikombe. Siku hiyo alirudi nyumbani na furaha ya kijinga, akasugua kikombe kikubwa cha Desmond mpaka kikang'aa, akakiweka upande wake wa meza. Ni disfasia tu, alisema peke yake jikoni. Disfasia tu.

Jumanne mtaalamu akaja, binti mpole aitwaye Imogen. Alimkuta Desmond anachemka kwa homa, kifua kinakoroma. Aliweka chini vifaa vyake bila kuvifungua.

"Kuna mtu amempa chochote?"

"Chai," Avril akasema. "Lakini hakupaliwa! Nilimwangalia kwa macho yangu haya, hakukohoa hata mara moja."

Imogen akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Wengine hawakohoi, mama. Koo limekufa ganzi, chai inaingia mapafuni kimya kimya. Wengine huhisi tu kwamba kuna kitu hakiendi sawa, basi wanatuambia."

Papo hapo akatambua alichokisema. Avril alimgeukia Desmond. Tiketi, tiketi, na vile vidole vilivyomkaba kifundo cha mkono. Yeye alidhani ni raha. Roho ilimuuma kiasi cha kushindwa kulia.

Dawa hazikusaidia. Kabla ya wiki kwisha daktari aliongea na Avril pembeni, kwa sauti ya chini, na alitumia maneno mepesi yasiyohitaji kufafanuliwa. Alasiri ile Gaynor alipanda juu ya kiti, akakishusha kile kibao. Kisha akaleta chai katika kikombe cha udongo cha manesi wenyewe.

"Sasa mpe anachopenda, mpenzi. Kidogo kidogo. Haidhuru tena."

Norris aligeukia ukutani na safari hii hakuwa na utani. Avril alichota kijiko, akakipuliza, akakipeleka karibu na mdomo wa mumewe.

"Tiketi," akasema Desmond.

Mkono ukasimama. "Unataka, Des? Au hutaki? Niambie."

"Tiketi."

Alimtazama machoni, kwanza jicho moja, kisha lingine, akitafuta. Alikaa hivyo na kijiko mkononi mpaka chai ikapoa.