Panya Aliyeacha Kuogelea

Mwaka ule wakimbizi kutoka Burundi walipojaa kijiji cha Kagunga, Veneranda alifika Gungu, mjini Kigoma, kwa mama yake mdogo, Yunisi, akiwa peke yake. Mumewe, Feliksi, alibaki ziwani; mtumbwi wao ulikuwa umepinduka kabla ya kufika nchi kavu.

Tangu hapo siku zake zilipita kama ukungu wa asubuhi juu ya maji. Alikula akipewa, akalala akiambiwa. Alipotazama sufuria ya maji jikoni aliona kilindi kisicho na mwisho, na sauti za watu zilimfikia kwa mbali, kama za walio ng'ambo.

Yunisi alikuwa akichuma majani milimani, yale ambayo mama yake alizoea kumchemshia mtu aliyeelemewa na huzuni. Mteja wake mmoja alikuwa Daktari Mudathir, mtafiti aliyehamishiwa Kigoma kutoka Tanga. Alitaka kujua kama majani yale yana nguvu kweli, naye aliyajaribu kwa panya. Yunisi akamwombea Veneranda kazi ya kuanika majani na kulisha panya, apate angalau pa kwenda.

Kile chumba kilimpendeza. Panya walikuwa weupe, wenye macho mekundu, na jua la dirishani lilipita masikioni mwao kama linavyopita kwenye petali za ua.

Asubuhi moja Mudathir alijaza maji kwenye chupa pana ya kioo, akamtia panya ndani. Panya akaogelea kwa fujo, akizunguka ukuta wa kioo.

"Huyu hajanywa dawa," Mudathir alieleza. "Ataacha mapema, aelee tu. Tunahesabu kwamba amekata tamaa. Waliokunywa wakiogelea zaidi, huenda dawa inafanya kazi."

Panya akapunguza mwendo. Miguu ikatulia, pua ikabaki juu, na mwanga wa maji ukamchezea tumboni. Veneranda alitumbukiza mkono, akamtoa, akamfunga kwenye ncha ya kitenge chake.

"Dada, umeniharibia jaribio," alisema Mudathir. "Nilikuwa namtoa mwenyewe. Hafi."

"Yeye hajui kama utamtoa."

Mudathir akaweka mezani saa aliyokuwa akipimia muda. Veneranda alimkumbatia panya aliyekuwa akitetemeka kifuani pake.

"Feliksi alilala hivi," alisema. "Tulishika dumu moja. Akaacha kupiga miguu, akatazama mbingu kama mtu aliyepumzika. Nikamwita mvivu. Nikamgombeza, Daktari, mpaka nikaona mkono wake haupo tena kwenye dumu. Watu wanasema alikata tamaa. Mimi naona alichoka tu."

"Hata sisi watafiti tunabishana juu ya hilo," Mudathir alisema taratibu. "Wapo wanaosema panya akielea anatunza nguvu."

Veneranda akalia, kwa mara ya kwanza tangu avuke ziwa.

Wiki iliyofuata ile chupa iliondolewa. Mudathir alipata kibali cha kutumia njia nyingine: panya waliwekewa maji matupu na maji ya sukari, kwani mnyama mwenye huzuni husahau hata utamu. Veneranda aliwaangalia baadhi ya waliokunywa dawa wakirudia sukari mmoja mmoja, polepole, kama wanaoamka.

"Nami nipe hayo majani," aliomba.

"Siwezi. Panya si mtu, na wengine hayakuwasaidia. Sijui yatalifanya nini ini lako. Lakini twende hospitali, yupo muuguzi anaitwa Marcelina. Anajua kusikiliza."

Alikwenda. Marcelina alimsikiliza, akampeleka kwa daktari aliyempa vidonge, na kila wiki wakazungumza juu ya Feliksi: alivyocheka, alivyopenda kubishana. Ukungu haukuondoka wote, ila ulipata nafasi za kupitisha jua.

Kiangazi kilipoingia aliwaaga panya, akaenda ufukweni Kibirizi kuanika dagaa na akina mama. Huko mchanga uling'aa kama fedha, na kunguru walishuka kuiba. Veneranda aliwafukuza kwa Kirundi, kwa sauti kubwa, na wenzake wakacheka hadi naye akacheka.