Rafu ya Kulia

Muuzaji alisema atarudi saa sita mchana kuchukua jibu langu au kuchukua mashine yake ya kupiga msasa, na tangu nifungue duka asubuhi hiyo sikuwa nimekaa chini. Nilifuta kaunta mara tatu. Nilipanga viatu kwa saizi, nikavipanga kwa rangi, kisha nikavirudisha vilivyokuwa. Chai ilipoa, nikaichemsha, ikapoa tena. Mimi nikiwa na jambo la kuamua huwa kama nimekalia siafu. Baba analijua hilo, ndiyo maana alijikalia kwenye stuli yake akipiga msasa, hata kuniangalia haniangalii.

Duka letu liko ndani ya ukumbi wa bouling, ule mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha pini, mlango wa pili baada ya vyoo. Tunauza matufe na viatu, tunatoboa matundu ya vidole, lakini kilichotupa jina ni msasa. Tufe likishagonga pini miezi kadhaa linakwaruzika, linakunywa mafuta ya sakafuni, na halishiki tena njia, linateleza tu. Baba hulirudishia uso wake kwa mkono. Anaanza na msasa mkali, anakuja wa maji, anamalizia na ule laini, huku akiligeuza robo kwa robo ili lisije likaliwa upande mmoja. Tufe moja, saa moja na nusu. Akimaliza hufumba macho na kulipitishia vidole lote, na vidole vikisema bado, anaanza upya. Wako watu wanaopita dukani kumtazama akifanya hivyo tu, hawanunui hata kamba ya kiatu.

Mashine ilikuwa inamaliza tufe kwa dakika ishirini na tano na haiumwi mgongo. Mashindano yalikuwa wiki mbili mbele, na matufe zaidi ya arobaini yalikuwa yanatusubiri. Uamuzi ulikuwa rahisi kwa mtu yeyote asiye binti yake. Nikiinunua, baba hana kazi. Kula atakula, sisi chungu chetu ni kimoja. Ila atakosa pa kwenda asubuhi, na mtu aliyeitwa Fundi kwa miaka thelathini na moja ataanza kuitwa Mzee. Niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa wateja wote wa ukumbi ule wakiniwakia pamoja.

"Unanitia kizunguzungu," baba alisema. "Kaa basi."

"Nikikaa, kazi atafanya nani?"

"Si hilo dude lako?" Aliionyesha mashine kwa kidevu. "Si umelileta lifanye?"

"Sijalinunua, baba. Limekuja kwa majaribio, siku tatu tu."

"Majaribio gani yanaanza kwa kunihamishia rafu!"

Hapo alikuwa na haki. Duka letu halijui vibandiko wala daftari la matufe. Linalosubiri linakaa rafu ya kushoto, lililokamilika linakaa ya kulia, na imekuwa hivyo tangu sijaota meno. Mashine ilipofika haikupata pa kusimama ila kule nyuma ya pazia, ubavuni mwa rafu ya kulia. Kwa hiyo yanayosubiri tukayahamishia kulia yawe karibu nayo, na yaliyokamilika tukayapeleka kushoto. Kwa siku tatu mambo yakawa kinyumenyume. Nilijikumbusha kila saa, na kila saa mkono ulitaka kwenda ulikozoea.

Kwenye saa tano wakaja watu wa zimamoto. Wana timu yao, na walikuwa wametuletea matufe sita mekundu yanayofanana kama mayai. Baba alikuwa amemaliza mawili kwa mkono, mashine ilikuwa imemaliza moja, matatu yalikuwa bado. Mbele yao alikuwa Kapteni, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ghorofa ya saba.

"Shikamoo, Fundi! Nasikia unaachishwa kazi na mashine ya kufulia!"

"Marahaba, mwanangu. Muulize bosi wangu huyo, leo hatulii."

Walicheka wote, nami nikajichekesha. Kapteni akaegemea kaunta. "Dada, kwani ugumu uko wapi? Weka tufe moja la Fundi na moja la mashine kwenye mifuko. Fundi aingize mikono, asione kitu. Akitaja la mashine ni lipi, na kasoro yake aiseme, basi mashine irudi ilikotoka. Akishindwa, nunua."

"Huo ni mchezo wa watoto," nilisema.

"Lete mifuko," baba alisema. Na uso wake ulikuwa umechangamka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mashine iingie.

Niliingia nyuma ya pazia mbio mbio. Lile la mashine lilikuwa bado ndani ya mashine yenyewe, nikalitia kwenye mfuko mmoja. Kule nje mtu alikuwa akigonga kaunta akitaka kamba za viatu, nami nikimjibu kwa ukali asubiri nyumba haiungui, na wazima moto wakiangua kicheko. Nikachukua tufe la pili, nikafunga mifuko, nikatoka.

Baba alifumba macho kama kawaida yake. Aliingiza mkono wa kulia, akazungusha polepole. Akauingiza kwenye mfuko wa pili. Akarudi wa kwanza, kisha tena wa pili. Njia ya nne mtu aliangusha pini zote kwa kishindo na hakuna aliyegeuka.

"Sawa," baba alisema mwishowe. "Haya yote mawili ni sawa. Sina la kuongeza."

Kapteni alipiga makofi. "Ngoma droo! Jamani, mmesikia? Fundi wetu na mashine, ngoma droo! Sasa ya nini kununua chuma wakati mtu unaye?" Wenzake wakampongeza baba, wengine wakamshika mabega. Nami, Mungu ananiona, nilifurahi. Nilihisi mzigo umenitoka kichwani. Muuzaji aje achukue chake aende, nitawaomba wateja radhi, matufe arobaini tutakesha nayo. Nilibeba mifuko nyuma ya pazia nikiwa karibu kuimba.

Nikafungua. La kwanza lilikuwa la mashine, uso wake mmoja, umefifia vizuri kila upande. La pili lilikuwa na mduara mweusi wa mafuta katikati, mikwaruzo kama limekokotwa barabarani, na kovu ambalo ukucha wangu ulizama ndani yake. Hakuna aliyekuwa amelipiga msasa. Nilikuwa nimelitoa rafu ya kulia.

Kosa hilo lilikuwa langu, na lilikuwa dogo. Kilichonishtua ni kwamba vidole vya baba vilipita juu ya kovu lile, mara mbili nilihesabu, na havikuliona.

Nilizunguka pale nyuma, hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Mambo yakaanza kujipanga yenyewe, nisitake. Mama kumfunga vifungo vya shati kila asubuhi, nami nikiwatania kuwa mapenzi ya uzeeni matamu. Baba kushika kikombe cha chai ya moto bila kukitua. Wateja wawili mwezi uliopita waliorudisha matufe wakidai yanayumba, na mimi niliyemwambia mmoja wao akajifunze kurusha kwanza. Yule mtu alikuwa mkweli. Nilimtukana mtu mkweli.

Sauti ya Kapteni ilikuwa ikiingia: "Fundi, mikono hiyo uiwekee bima!" Baba alikuwa anacheka. Ningetoka na tufe lile mkononi, kicheko kingekatika, na kila mtu ukumbini angejua kabla ya saa sita. Hospitali tungempeleka, mama angenisaidia kumshawishi. Lakini kumvua nguo mbele za watu sikuweza. Nikaliweka tufe ndani ya mashine, nikashusha kifuniko, nikabonyeza. Ikaanza kunguruma.

Muuzaji alifika saa sita kasoro dakika tano, tai imenyooka, tabasamu tayari.

"Nainunua," nilimwambia kabla hajaketi.

Kapteni alinitazama juu hadi chini. "Dada, si umesikia alichosema Fundi?"

"Nimesikia. Nainunua."

"Haya," alisema, na haya yake ilikuwa chungu. Aliwakusanya watu wake wakaenda kucheza, na hakuna aliyeniaga. Muuzaji akakimbilia gari lake kuleta karatasi. Tukabaki wawili, na mashine ikinguruma nyuma ya pazia.

Baba alikuwa anasugua ncha za vidole vyake, kimoja kwa kingine.

"Yale matufe ya kwenye mifuko," alisema taratibu. "Uliyatoa wapi?"

"Moja la mashine. Moja lako."

"Langu lipi? Nililolimaliza jana?"

Aliuliza bila kunitazama, vidole bado vikisuguana. Ndipo nilipoelewa kwamba mle mifukoni hakuwa amehisi chochote, na alikuwa amebahatisha.

"Ndiyo, baba. La jana."

Akashusha pumzi. Mabega yakalegea. "Basi mimi mzima," alisema peke yake, polepole. Kisha akaniinulia macho, na sijawahi kutazamwa hivyo naye, hata nilipokuwa mtoto mtundu. "Kama nimetoka sare na mashine, mwanangu, kazi yangu unaninyang'anya kwa nini?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa moja tu.

"Nimechoka kusubiri saa moja na nusu," nilisema.

Alitikisa kichwa. Alisimama, akapeleka mikono nyuma ya kiuno kufungua aproni. Vidole vikatafuta fundo. Vikalipata, vikalipoteza, vikaanza tena. Nilisimama hatua moja tu kutoka kwake, mikono yangu ikiwasha, na sikuthubutu kumsaidia.