Kufuli la Chumba cha Uani

Siku ya mkaguzi Bi Tatu aliogeshwa mapema, akapakwa mafuta ya nazi mpaka nyayo, akavikwa dera jipya lililokuwa bado linanuka duka. Shuka zilibadilishwa, udi ukafukizwa. Na mlango wa grili, ambao kila siku ulifungwa kwa kufuli kubwa la shaba, leo uliachwa wazi kabisa, kufuli limening'inia kwenye tundu lake utadhani pambo.

"Umependeza, bibi harusi wangu," alisema Fadhila, binti wa kampuni ya matunzo, huku akikisukuma kiti cha magurudumu karibu na mlango bibi apate hewa.

"Sema mwali," Bi Tatu akamsahihisha. "Bibi harusi ana pa kwenda."

Fadhila akacheka. Hakuwa binti mbaya. Mikono yake ilikuwa myepesi, uji wake haukuwa na madonge, na tangu aanze kazi mgongo wa Bi Tatu haujapata kidonda. Ila alikuwa na mgonjwa mwingine hapo hapo mtaani Mbwawa, na kila adhuhuri alipokwenda kumtazama alilifunga grili kwa nje, akautundika ufunguo kwenye msumari wa jikoni, kule nyumba kubwa. Ndivyo alivyoagizwa. Bi Tatu akabaki na dirisha la nondo na ukuta wa jirani mpaka mwanawe Yahya au mkewe Faudhia arudi kutoka kazini.

Amri ilikuwa ya Yahya. Kiharusi kilipompiga mama yake upande wa kushoto, alimtoa kijijini Chole, kule Kisarawe, akamleta Kibaha, akamjengea chumba hiki cha uani chenye choo ndani kwa ndani. Mama akakaa, akakaa, halafu siku moja akajikokota na mkongojo hadi barabara ya malori, akawa anapunga mkono kusimamisha gari la Kisarawe. Waliomwokota walimkuta mtaroni, goti limechubuka. Wiki haikuisha fundi wa grili akaja.

Mambo ya kufungiwa Bi Tatu aliyajua. Kule Chole alikuwa somo. Wasichana waliovunja ungo waliletwa kwake, akawaweka ndani, akawafunda, wakalia, wakamnunia. Lakini hakuna mwali aliyewahi kuwekwa ndani siku yake ya kutoka isijulikane. Wapiga ngoma walikwishaambiwa, kanga zilikwishanunuliwa, na mwali mwenyewe alijua kuwa mpunga ukishavunwa tu, anatolewa nje. Siku ya kutoka Bi Tatu hakuna aliyeitaja.

Ndiyo maana aliingoja leo. Mkataba wa kampuni ulikuwa unakwisha. Mkaguzi wa ustawi wa jamii akiandika kuwa huduma ni nzuri, Yahya anasaini mwaka mwingine, na kufuli linabaki pale pale. Bi Tatu alikwishayapanga maneno yake moja moja.

Mkaguzi akaingia. Alikuwa msichana mwembamba aitwaye Raudha, ushungi wa samawati, kishikwambi mkononi. Yahya, aliyeomba ruhusa kazini kwa ajili ya ugeni huu, alimfungulia geti la nje, akalirudishia komeo nyuma yake. Faudhia alikuwa Kisarawe tangu asubuhi, kwenye shughuli ya shangazi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Wamekupa kinywaji?"

Na hapo ndipo maneno yalipokwama. Mgeni hapokewi kwa malalamiko. Kumwanikia uchafu wa nyumba kabla hajanywa hata funda moja ni kujivua nguo mwenyewe, na Bi Tatu ndiye aliyewafunda hivyo wasichana wa Chole nzima. Kwa hiyo Raudha alipouliza kama anahudumiwa vizuri, mdomo ukafanya ulivyozoea.

"Nashukuru Mungu. Hawanipi tabu."

"Chakula?"

"Anakula vizuri sana," akajibu Yahya.

"Dawa?"

"Kwa wakati," akajibu Fadhila.

"Usalama wa chumba?"

"Si unaona grili hilo?" Yahya akaonyesha kwa fahari. "Nondo nene. Mwizi hapiti."

Raudha akaitikia kwa kichwa, akabofya. Alibofya kila mahali, na kila alipobofya Bi Tatu aliusikia mwaka mzima ukijifunga.

"Basi tumemaliza. Bibi, una la kuongeza?"

"Hana," alisema Yahya akinyanyuka. "Mama si mtu wa manung'uniko."

Bi Tatu akanyoosha mkono wa kulia, ule uliobaki mzima, akalivuta grili. Bawaba zikalia. Akapitisha kiganja katikati ya nondo, akalipachika kufuli kwenye pete ya fremu, akalibana.

Ta!

Yahya akalitikisa grili. Halikufunguka.

"Mama," alisema Yahya akijilazimisha kucheka, "umefanya nini?"

"Nimefunga. Kwa usalama."

"Fadhila, lete ufunguo."

"Uko msumarini, kaka. Jikoni."

"Na ule mwingine?"

"Anao dada Faudhia."

Yahya akampigia mkewe. Kwenye simu vigelegele vilisikika mpaka kitandani. "Mmefungiwa na nani?" Faudhia aliuliza. Alipoambiwa ni mama mkwe, alicheka mpaka akakohoa. "Haya, nikipata gari nakuja. Lakini pilau halijapakuliwa!"

"Kwani tusimwite jirani?" Raudha akauliza.

Yahya akatikisa kichwa. Jirani ni Mzee Mwinjuma, na ili aingie ingebidi aparamie ukuta, kwa kuwa geti nalo lina komeo kwa ndani, na kidirisha chake hakipitishi ila mkono mwembamba kama wa Faudhia. Kabla ya magharibi Mbwawa nzima ingejua.

"Tusubiri tu," alisema.

Wakasubiri. Umeme ukakatika, feni ikazunguka kwa uvivu, ikasimama. Bati likaanza kulia kwa jua. Yahya akavua koti, kisha akafungua vifungo vya shati. Fadhila alikaa pembeni ya kitanda akitazama simu yake. Mgonjwa wake wa pili alikuwa anamngoja. Raudha akaanza kukunja miguu, akaikunjua, akaikunja tena, mwishowe akamnong'oneza Bi Tatu jambo sikioni.

"Nyuma ya pazia, mjukuu wangu," Bi Tatu akamjibu kwa sauti ya kawaida. "Pasafi. Fadhila hupasugua vizuri, andika na hilo."

Pazia lilikuwa fupi. Yahya akageukia ukutani.

Raudha alipotoka huko hakurudi kukaa. Alisimama mlangoni, akashika nondo kwa mikono miwili, akautazama ukuta wa Mzee Mwinjuma. Hakukuwa na kingine cha kutazama.

"Bibi, huwa hivi kila siku?"

"Muulize Fadhila. Mimi nimeshashukuru."

"Kuanzia adhuhuri," alisema Fadhila kwa sauti ya chini. "Nimeagizwa, dada. Nikikataa wataleta mwingine."

"Na moto ukizuka?"

Raudha akaitikisa nondo moja. Haikucheza.

"Nimeandika usalama ni mzuri," alisema Raudha, kama anayejisemea.

"Futa," alisema Bi Tatu.

"Mama!" Yahya aligeuka. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Unataka nikuzoe chini ya lori? Mimi nina mama mwingine?"

Bi Tatu akamhurumia. Alikuwa mwanawe, na hofu yake ilikuwa ya kweli.

"Lori silitaki, baba. Nataka mlango wazi na mtu wa kukaa nami barazani. Nikiinuka anikamate, anigombeze, anirudishe kitini. Lakini niwaone watu wakipita."

Raudha alikwishafungua kishikwambi. Safari hii hakubofya. Aliandika kwa muda mrefu. "Kaka Yahya, kwenye chumba cha kufuli siwezi kuipitisha huduma hii. Kampuni ilete mtu wa kushinda naye kutwa, na kufuli litoke. La sivyo mkataba uishie hapa."

Alasiri ilipokaribia geti likatikiswa. Faudhia alipitisha mkono wake uliojaa bangili kwenye kidirisha cha geti, akasukuma komeo, akaja na gauni lake linalometameta na kopo la pilau. Akawatazama wanne wale nyuma ya nondo, akaung'ata mdomo asicheke, akafungua.

Fadhila ndiye aliyetangulia kutoka, mbio kwa mgonjwa wake. Yahya akavaa koti, na heshima yake ikamrudia pamoja nalo.

"Mama, haya yamepita. Lakini umemfungia binti wa watu kwenye joto hili. Mwombe radhi."

"Si lazima, kaka," alisema Raudha.

"Ni lazima. Ni mgeni."

Bi Tatu alikuwa amekwishalichomoa kufuli kwenye tundu lake. Akaliweka mapajani, akalifunika kwa pindo la dera.

"Siombi."

"Mama, neno moja tu."

"Mmekaa humu mchana mmoja, tena mkijua Faudhia yuko njiani. Siombi radhi, Yahya. Kwake siombi, na kwako siombi. Nisukume nje."