Kobalti Ilipopanda Juu

Béatrice alipopata ndege ya wakimbizi kwenda Kanada, Saliha alibaki peke yake katika maabara ndogo nyuma ya soko la Jabe. Kazi yao ilikuwa betri mbovu za simu. Waliyeyusha ule unga mweusi wa ndani kwa asidi, wakaondoa shaba na mengineyo, mpaka yakabaki maji yenye kobalti na nikeli. Hapo walikwama, maana metali hizo mbili hazikubali kuachana.

Dawa ya kuzitenganisha walikuwa nayo. Inachanganywa na mafuta ya taa, kisha inatikiswa pamoja na yale maji, na kobalti inatakiwa ihamie kwenye mafuta. Ila maji ya magadi, yanayotiwa kupunguza ukali wa asidi, yakizidi kidogo, vyote vinageuka povu zito kama la sabuni. Zamani Béatrice alikuwa akidondosha magadi, Saliha akitikisa chupa, huku wakisengenya wanaume na kulalamikia bei ya samaki wa ndagala. Sasa Saliha alifanya yote mwenyewe, kimya, na kila mara akaambulia povu.

Alhamisi moja aliamua kutokuwa na haraka. Alidondosha tone la magadi, akatikisa polepole, akapima ukali wa asidi, akangoja. Akarudia. Redio ya fundi cherehani wa jirani iliimba, ikazimwa. Mwishowe aliisimamisha chupa mezani, na mafuta yakaanza kujitenga. Yalipanda juu yakiwa ya bluu iliyokolea. Chini yakabaki maji ya kijani yenye nikeli.

“Béa, angalia!” alisema kwa sauti, akageuka. Hapakuwa na mtu.

Akampigia. Simu iliita muda mrefu kabla haijapokewa. Nyuma ya sauti ya Béatrice mashine zilikuwa zikinguruma.

“Saliha? Kuna mutu amekufa?”

“Apana, dada. Imekubali! Kobalti imepanda, ni bluu kabisa!”

“Kweli? Mungu mukubwa! Lakini mi niko ku kazi, chef ananiangalia. Nitakupigia mangaribi.”

“Mangaribi ya kwako kule Kanada ao ya kwangu huku?”

Béatrice alicheka, na simu ikakatika.

Saliha akatoka kumwita Mzee Atumani, mlinzi wa geti. Mzee alivua kandambili mlangoni, akainama mbele ya chupa.

“Mashallah. Hii ya bluu ndiyo mali?”

“Ndiyo, baba. Nitaitoa kwenye mafuta kwa asidi nyingine, halafu tutapata chumvi yake.”

“Na mwenzako anajua?”

“Anajua.”

Mzee aliridhika, akarudi getini. Saliha akafungua bomba la chini ya chupa, akatoa maji ya kijani, akaosha vyombo vyote taratibu.

Béatrice hakupiga jioni ile. Asubuhi mkurugenzi wa maabara alikuja kuona, akafurahi sana, akasema sasa watamtafutia Saliha mtu wa kumsaidia.

“Merci, patron,” Saliha alijibu.

Kisha akatoka uani, akalia mpaka akachoka. Siku ile alipomsindikiza Béatrice uwanja wa ndege hakuwa amelia.