Mleteni Yule Asiyenipenda

Miaka ishirini na nane nimekaa mjini Sfax kama mke wa Mondher, na mama yake, Bi Mannubia, hajawahi kusifu chakula changu hata siku moja. Kila Idi alionja mchuzi wangu wa zabibu kavu, kisha akaomba maji. Kwa hiyo alipolazwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, na siku ya kumi akaruhusiwa mgeni mmoja tu kwa siku, tena kwa robo saa, mimi sikuwamo hata kwenye foleni.

Mondher aliingia kwanza, akamwambia mama yake anapendeza. Kesho yake akaingia wifi yangu Jalila, akamwambia daktari amesema Jumapili atarudi nyumbani. Daktari hakusema hivyo hata kidogo. Daktari Emna alituweka chini sote watatu akatueleza kwamba mapafu ya Bi Mannubia yamechoka. Mpira wa kupumulia walimtoa juzi, na akizidiwa tena itabidi iamuliwe: arudishiwe mashine, ambayo safari hii huenda asiachane nayo, au apewe dawa za kumtuliza na aachwe apumue mwenyewe mpaka mwisho wake.

"Muulizeni mwenyewe, akili yake timamu," alisema. Jalila akamsihi asithubutu kumtajia mgonjwa neno hilo.

Siku ya tatu ya wageni Bi Mannubia akamwambia muuguzi, "Wanangu waongo. Nileteeni mke wa Mondher, yule asiyenipenda."

Nikavalishwa joho la plastiki, nikaingia.

"Umenenepa," akasema, sauti imekauka.

"Na wewe umekonda, Mama."

"Haya. Jumapili narudi nyumbani?"

"Hurudi."

Akafumba macho kidogo. "Enhe, endelea, binti wa watu. Sikukuita uje kupunga upepo."

Nikamweleza yote: mapafu, mashine, dawa. Alinisikiliza kama anayesikiliza bei ya lozi sokoni, tayari kubisha. Nilipomaliza akasema, "Mpira siutaki tena. Nimekaa nao siku tisa, sikuweza hata kumsema mtu. Kawaambie."

Nilijiona nimesimama koridoni, mimi mkwe asiyependwa, nawaambia watoto wa watu kwamba mama yao asirudishiwe mashine. Jalila angenizika kabla ya mama yake. Majirani wangesema nimemmaliza. Na Mondher, mume wangu mpole, angenyamaza tu, na kimya kile ningelala nacho kitandani mpaka nife.

"Siendi," nikasema.

"Unanikatalia?"

"Nakukatalia. Nimekufulia, nimekupikia, nimeyabeba maneno yako yote miaka ishirini na nane. Hili silibebi. Utawaambia mwenyewe."

Akanitazama. Kisha akacheka, kicheko kikawa kikohozi, mashine za kupima moyo zikaanza kulia, na Daktari Emna akaja mbio.

"Niitie wale waongo wawili," Bi Mannubia akamwambia. "Waingie pamoja."

"Sheria ni mgeni mmoja, Bi."

"Sheria yako nitaiheshimu nikipona."

Daktari akageuka upande, nadhani alikuwa anacheka, akaenda kuwaita.

Walipoingia, Bi Mannubia akawaambia bila kuzunguka. Jalila akaangua kilio, akaambiwa apanguse pua kwanza. Mondher akanitupia jicho. "Mama, ni Naziha aliyekutia maneno haya?"

"Naziha? Huyu hata salamu amekataa kunibebea. Nasema mimi, na daktari shahidi. Atakayenirudishia mpira ule hana radhi yangu."

Daktari akaandika. Mondher akambusu mama yake mkono, akasema "Sawa, Mama" kwa sauti ndogo, na alipopita kwangu akanishika bega.

Nikawafuata nitoke. Bi Mannubia akaning'ang'ania kidole.

"Wewe baki."

Nikabaki.

"Naogopa," akasema. "Wale siwezi kuwaambia. Watanidanganya kwamba hakuna cha kuogopa."

Nilimpenda wakati ule, na kupenda kwenyewe kulinishtua. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Hata mimi naogopa, Mama."

"Vizuri," akasema. "Basi tuko wawili."