Bata wa Leonila

Haya ninayoandika ni kweli tupu, na nikiongeza chumvi hata punje moja, niote mkia.

Leonila alipanda ngazi za TV Ligaya. Stesheni yetu iko juu ya duka la mikate, na mji wetu mzima wa Santa Ligaya unaipenda kama shangazi mropokaji: ndiyo hutangaza nguruwe waliopotea, ndiyo hutuambia nani kafa na nani kaoa. Malkia wake ni Manang, yaani dada mkubwa, Purising wa kipindi cha mchana, ambaye akicheka, mitungi hupasuka sokoni ng'ambo ya mto.

Leonila huandika vitabu vya watoto. Kitabu chake kipya kilimhusu bata mwenye makelele, ajipakaye poda mpaka mkiani, na aaminiye kwamba yeye ndiye huamuru jua lichomoze. Bata huyo, unyoya kwa unyoya, alikuwa Manang Purising. Leonila alimwandika kwa utani, akidhani watasoma watoto wa dada yake tu. Sasa Purising mwenyewe kamwita studio, matangazo ya moja kwa moja.

"Keti, Inday," Purising alisema, kwa jina tuitalo binti yeyote, akijipaka poda. "Umekula?"

"Nimekula, Manang."

"Mwongo. Uso umekusawijika kama samaki wa juzi. Ambo, mpe bibingka yako."

Ambo, mtabiri wa hali ya hewa, alikuwa nyuma ya Purising akingoja zamu yake, mwavuli mapajani na nusu ya bibingka, keki ya unga wa mchele, mkononi.

"Hii nilikuwa nimeiweka akiba, Manang."

"Hilo tumbo limeshaweka akiba ya kutosha. Lete."

Taa nyekundu ikawaka. Purising akasoma kitabu kwa sauti, na kila alipofika kwenye poda au makelele, roho ya Leonila ilisogea hatua moja kuelekea mlangoni. Kisha akakifunga.

"Haya, tusidanganyane. Huyu bata ni mtu wa hapa hapa. Akina mama huko majumbani wanataka kumjua. Ni nani?"

Leonila alitaka kusema bata ni bata tu. Lakini huku kwetu ukiulizwa nani, mdomo humjibu mtu kabla ya ulimi: unachongoka, unamwelekea mhusika, na kila mtu ameshaelewa. Midomo ya Leonila ikachongoka. Ikamwelekea Manang Purising, mji mzima ukitazama.

Hata mwoka mikate kule chini aliacha kukanda. Leonila aliomba sakafu ipasuke adondokee kwenye unga.

Purising akaitazama ile midomo, kisha akageuka taratibu kutazama nyuma yake.

"Ambo," akasema. "Nilijua tu. Kila asubuhi huyu huliamuru jua, na jua halimsikii."

Ambo akasimama, makombo kidevuni. "Mimi? Mimi nimo kitabuni?" Machozi yakamlenga. "Inday, nitilie sahihi. Nitilie kila ukurasa."

Leonila akacheka mpaka akashika ubavu. Pumzi zilimrudia, na njaa ikaja nazo. Akaimaliza bibingka yote hewani. Purising alipomsindikiza ngazini alimwambia, "Kitabu kijacho mwandike mume wangu. Yule ndiye mwongo hasa."

Mume huyo ni mimi. Nilitaka kumalizia hapo, Leonila yu salama na Purising hajui kitu. Kumbe amesimama nyuma ya kiti changu akisoma, upawa mkononi.

"Hajui nani?" akauliza. "Nilijijua tangu ukurasa wa kwanza. Yule binti angezimia pale, ningemfanyaje? Nikampa Ambo. Na duka la mikate siku ile lilikuwa limefungwa, mzee. Nani alikuwa anakanda?"

Nikapapasa nyuma kama mkia umeota, naye akanikabidhi upawa. Ndiyo maana namalizia haya jikoni, machozi ya vitunguu yakidondoka karatasini: napika tambi za pansit za studio nzima, na sahani ya kwanza ni ya Leonila.