Juisi ya Nanasi ya Siku Nane

Mwaka 1989 baba yangu, Mzee Idarus, alistaafu ukarani wa ghala bandarini. Kwa kuwa hakuwa tena na makuli wa kuwaamrisha, aliihamishia ofisi yake jikoni kwa mama. Tulikuwa tukikaa Mtopanga. Katika umri wake wote baba hakuwahi kuchemsha hata maji ya kuogea, jambo ambalo, kwa maoni yake, halikumpunguzia utaalamu.

Mwezi huohuo ikaja habari kwamba watu wa Jomvu Kuu wangekuja Ijumaa ya pili, baada ya alasiri, kunitaka mimi, Johari, niolewe na kijana wao Mohdhar. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye arusi ya binamu yangu, akila pilau bila kusema na mtu. Sifa niliyoletewa ni kwamba ni mpole. Upole ni sifa nzuri sana kwa punda, nami nikasema nitafikiri.

Mama, Bi Zubeda, alitaka kuwapa wageni juisi ya nanasi na tangawizi kama alivyozoea: unamenya asubuhi, unatwanga, unachuja kwa kitambaa, unatia sukari na iliki, na mchana inanywewa. Baba akasema hivyo ndivyo wafanyavyo watu wasio na mpango. Juisi, alieleza, ni kama achari, ikikaa ndipo inapokolea. Mama akamkumbusha kwamba achari ina chumvi. Baba akamjibu kwamba hayo ni madogo, na kuanzia siku ile asiitie mkono juisi hiyo.

"Taibu," mama akasema. Mama yangu ni mke mtiifu, hasa pale utiifu unapomfaa.

Alhamisi baba akarudi kutoka soko la Kongowea na mkokoteni mzima wa mananasi, yameiva hata nyuki wamemsindikiza njia nzima. Akamenya mawili, akajikata kidole, yaliyobaki akaniachia mimi. Nilipokwisha kutwanga na kuchuja, hakutaka juisi ichemshwe, maana moto unaua ladha. Akaijaza kwenye chupa ishirini na nne za skwoshi, akakaza vizibo kwa nguvu zake zote, akavizungushia nta ya mshumaa, kisha akazipanga chini ya kitanda katika chumba cha wageni, penye joto la kuangulia mayai. Siku ya tano nikasikia kama watu wananong'ona chini ya kitanda. Nilipomwambia, alisema inakolea.

Ijumaa wageni wakafika: Maalim Jaffar, ami yake Mohdhar, pamoja na wazee wawili. Mohdhar hakupaswa kuwepo, lakini ndiye pekee aliyejua kuendesha gari waliloazimwa, kwa hiyo aliketishwa karibu na mlango. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia, tukichungulia kwa zamu.

Baba akafungua chupa ya kwanza. Kizibo kikaruka hadi darini na povu likammwagikia kanzu. Akawaeleza wageni kwamba hiyo ni nguvu ya tunda, akawamiminia. Maalim akapiga bismillahi, akainua glasi, na pua yake ikafika kabla ya midomo. Akaiweka chini taratibu.

"Mzee Idarus, kinywaji hiki kina siku ngapi?"

"Nane, Maalim," baba akajibu kwa fahari.

Wakati huo jirani yetu Charo, ambaye ni mgema, aliingia na sinia la madafu. Mama alikuwa amemwomba aangue machache, kwa kuwa madafu hayakutajwa katika amri. Baba, akitafuta shahidi, akampa glasi na kumtaka awaambie wageni ukweli. Charo akanusa. Akanywa nusu, akafikiri, akamalizia. Kisha akamtazama baba kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake.

"Mzee, hili ni tembo," akasema. "Na si baya."

Chupa mbili zikapasuka chumbani, moja baada ya nyingine. Hapo mtu mmoja akacheka, si kwa dharau, bali kicheko cha mtu aliyejizuia hadi mbavu zikakataa. Akaomba radhi, akaanza tena.

Nikamuuliza mama ni nani yule. Akachungulia pembeni mwa pazia. "Ndiye," akaninong'oneza.

Maalim akasema nia ya mwenye nyumba ilikuwa juisi, hana dhambi, ila chupa zote zimwagwe. Charo akajitolea kuzibeba akazimwage kwake. Baba akaukataa ukarimu huo, akakaa na kanzu yake inayonata. Nilimwonea huruma. Mohdhar akainuka, akachagua dafu kubwa kuliko yote, akampelekea kwa mikono miwili, na machozi ya kicheko yangali mashavuni. Baba akalipokea. Baada ya muda mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua naye anacheka.

Wageni walipokwenda zao, mama akaniita.

"Abee, mama."

Akaniuliza apeleke jibu gani Jomvu. Nikamwambia awaambie nimekubali.

"Kwa sababu gani hasa?"

"Anacheka vizuri."

Mama akaendelea kukusanya glasi. "Alhamdulillahi," akasema. "Mimi niliolewa kwa sababu ndogo kuliko hiyo."